Waliochagua Bonde

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ilipotoka Kilosa kuelekea Gulwe, wahandisi wa Kijerumani walikutana na milima. Treni haipendi kupanda, na Mto Mkondoa ulikuwa umeshapasua njia katikati ya milima hiyo tangu zamani za kale. Hata misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita bonde hilohilo. Basi wakailaza reli ubavuni mwa mto, na Kidete ikawa stesheni. Ukikaa ofisini na ramani mezani huwezi kuwalaumu: mwinuko mdogo, mawe machache ya kuvunja, kazi inakwenda.

Gharama ilikuja baadaye, na haikuwafikia wao. Mkondoa hujaa mchanga, hufurika, huhama, na reli iliyo jirani yake ndiyo ya kwanza kuliwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaling'oa tuta sehemu nyingi kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi, na Kilosa mjini maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma Julai 2024, imetoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki badala ya kuufuata mto kila unapokata kona.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa genge. Kwa wasioyajua mambo ya reli, genge ni kikosi kinachokabidhiwa kipande cha njia kukitunza: kukaza vyuma, kubadilisha mataruma, kujaza kokoto, kuzibua makalvati kabla ya masika. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kuhudumia uamuzi wa mtu ambaye hakuwahi kumwona, na aliyeuandika kwa lugha asiyoijua. Nilipomuuliza nikiwa mdogo kwa nini hawakuipitisha reli juu mlimani, alinijibu kwamba reli ipo ilipowekwa, yeye kazi yake ni treni ipite.

Jibu hilo limenirudia mara nyingi tangu nianze kutengeneza mifumo ya kompyuta. Naishi Morogoro mjini, na kwa muda sasa nimekuwa nikikihudumia kikundi cha kuweka na kukopa kule ujombani, Kidete. Mama mdogo ndiye mweka hazina. Walitaka hesabu zao ziingie kwenye kompyuta, wanachama walioko Dodoma na Dar es Salaam waweze kuziona kwa simu. Kazi ndogo, utasema. Lakini nilipoanza kuifikiria niliona kwamba uamuzi mzito kuliko yote ni ule ambao hakuna mwanachama hata mmoja atakayeuona: programu itazungumza vipi na hifadhidata, na nitatumia freimuweki gani, yaani kiunzi kilichokwisha kuandaliwa cha kujengea programu, kuifanya izungumze.

Kabla ya hapo, daftari. Mtu yeyote anayetaka kujenga mfumo wa kikundi aanze kwa kuliomba daftari, akae nalo chini. La Kidete ni kaunta buku kubwa, limechorwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Kuna safu ya jina, hisa, mfuko wa jamii, mkopo, rejesho, faini. Namba zimeandikwa vizuri, kwa sababu katibu ni mwalimu mstaafu na mwandiko wake ni wa ubaoni. Ila yaliyonisimamisha yalikuwa pembeni, nje ya mistari. "Amelipa kwa simu ya mwanawe." "Faini imesamehewa, alikuwa na mgonjwa." "Hisa hizi ni za marehemu, asiguse mtu mpaka kikao cha ukoo." Ukiyaondoa maneno hayo, hesabu zinabaki sahihi lakini kikundi kinagombana. Kwa hiyo kitu cha kwanza kilichoingia kwenye muundo wa jedwali langu hakikuwa kiasi cha fedha. Kilikuwa safu ya maelezo, ndefu isiyo na ukomo wa herufi.

Sasa tuje kwenye freimuweki. Vijana wenzangu wa mifumo wakikutana ubishi hauishi. Huyu anasema Laravel, kwa sababu seva za PHP ni za bei rahisi na mafundi wake wamejaa kila mji. Yule anasema Django, kwa sababu unapata ukurasa wa msimamizi bila kuujenga. Wa tatu ametoka kusoma kitu kilichotoka mwezi uliopita na ameshakiapia. Mimi hupenda kuwakumbusha umri wa vitu. Edgar Codd wa IBM aliandika wazo la kuhifadhi data kwa majedwali yanayohusiana mwaka 1970. Lugha ya SQL, ya kuiulizia hifadhidata maswali, ikazaliwa hukohuko IBM miaka michache baadaye. Mradi uliozaa PostgreSQL ulianza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Freimuweki ya Rails ilitoka 2004, Django 2005, Laravel 2011. Yaani kinachotugombanisha ni cha jana, na kilicho chini yake, ambacho wengi hatukitazami, kina umri wa baba zetu na bado kinafanya kazi kila tunapotuma pesa.

Ndani ya freimuweki hizi kuna tabaka la kati, baina ya programu na hifadhidata, na kazi yake ni kukuepusha kuandika SQL. Unaandika Python au PHP ukitaja mwanachama na mkopo kama vitu vya kawaida, nalo linageuza maneno yako kuwa maswali yanayoeleweka na hifadhidata. Ni raha kubwa, na raha yake inaficha kitu. Chukua ukurasa unaoorodhesha mikopo 30 pamoja na majina ya wakopaji. Mstari mmoja wa programu unasema: niletee mikopo yote. Mstari wa pili, ndani ya kitanzi, unasema: andika jina la mwenye mkopo huu. Ukitazama msimbo, ni mistari miwili safi. Ukifungua kumbukumbu za hifadhidata unakuta maswali 31: moja la mikopo, kisha mara 30 mfululizo "huyu ni nani?" Kwenye kompyuta yako hutagundua, maana programu na hifadhidata zimekaa nyumba moja. Ziweke kwenye seva mbili zilizo mbali, kikundi kikue kifikie wanachama 300, na mwanachama wa Dodoma ataanza kulaumu mtandao. Dawa ipo: Django ina select_related, Laravel ina with, na maswali yanarudi kuwa moja au mawili. Lakini dawa hiyo anaitumia mtu anayejua kwamba kuna maswali yanayoulizwa. Ndiyo maana wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu huanza na SQL tupu, bila freimuweki yoyote. Wananuna, nawaacha wanune.

Jambo lililonichukua muda zaidi ni kanuni zikae wapi. Sanduku la kikundi ni la bati, lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Si kwamba hawaaminiani. Kanuni imewekwa kwenye chuma ili isitegemee nani yuko mlangoni siku hiyo. Katika mifumo mingi ninayoletewa nikague, kanuni zimeandikwa kwenye ukurasa wa kujazia tu: ukurasa unakataa kiasi hasi, ukurasa unakataa namba ya muamala iliyojirudia. Kisha siku moja anakuja kijana anayetengeneza app ya simu, au mtu anapakia faili la Excel, na hao hawapiti kwenye ule ukurasa. Malipo yaleyale yanaingia mara mbili.

Kwa kikundi cha Kidete niliziweka kanuni kwenye hifadhidata yenyewe. Namba ya muamala wa simu haiwezi kuandikwa mara mbili, awe ni nani anayeandika na kwa njia gani. Rejesho haliwezi kuwa chini ya sifuri. Mwanachama mwenye deni hafutiki. Fedha zinahifadhiwa kwa namba kamili za shilingi, kamwe si kwa zile namba za desimali zinazoelea, ambazo haziwezi hata kuandika moja ya kumi bila kukosea kidogo. Hapa freimuweki zinatofautiana kweli, na ndipo pa kuzipimia. Django, kwa mfano, ilikuwa na miaka mingi mjini kabla ya toleo la 2.2 la mwaka 2019 kukuruhusu kutamka masharti yoyote ya ukaguzi unayoyataka ndani ya msimbo wake na kuyashusha hadi kwenye jedwali. Kabla ya hapo, ukiacha machache ya kawaida kama kuzuia namba kujirudia, uliyaandika mwenyewe kwa SQL. Freimuweki inayoichukulia hifadhidata kama kabati la kutupia vitu tu, iache, hata kama kurasa zake ni nzuri kama harusi.

Na saa. Tanzania tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia ambayo seva nyingi huitumia. Mtu akituma mchango saa saba usiku tarehe mosi, seva inaandika saa nne usiku ya jana yake, yaani mwezi uliopita. Usipoiambia freimuweki ukweli kuhusu mahali ulipo, mwanachama aliyelipa mapema kuliko wote anahesabiwa mwezi usio wake. Kwenye kikundi ambacho kuchelewa kuna faini na kila mwezi una hesabu yake, hilo si jambo la kiufundi tena. Ni jambo la heshima ya mtu.

Nilijifunza mengi kwa kutazama DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ambao karibu kila zahanati nchini inalisha taarifa zake hata kama muuguzi hajali jina lake. Vitabu vya MTUHA, rejesta za huduma za afya, hujazwa kwa kalamu, jumla za mwezi zinakusanywa, zinaingizwa, na wizara inaona. Mababu wa mfumo huo walizaliwa Afrika Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ambako toleo la kwanza lilikaa juu ya Microsoft Access. Kizazi cha pili kikasukwa upya kwa Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa ndani ya mtandao huo kwa miaka mingi. Ilipofika 2013 Tanzania ilikuwa imeusambaza nchi nzima. Waliousuka walichagua Hibernate, tabaka la kati lililoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, na sababu yao ilikuwa ya kiungwana: kila nchi itumie hifadhidata iliyo nayo, asifungwe mtu. Miaka ikapita, ripoti zikawa nzito, ramani zikaongezeka, na mfumo ukazidi kuegemea uwezo wa PostgreSQL hadi leo ndiyo hifadhidata unayoihitaji.

Wako wanaosema hiyo ni kushindwa. Mimi sioni hivyo. Ule uhuru wa kubadili hifadhidata siku yoyote ni uhuru ambao karibu hakuna anayeutumia, ila kila mtu anaulipia kwa kuikataa nguvu ya kile alichonacho. Nimeona watu wakiishi hivyo pia. Mtu anajenga Morogoro kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili ameshika Dodoma, na wa tatu, kama angekuwa nao, ungekuwa Dar es Salaam, na kote hajulikani hata na mwenyekiti wa mtaa. Kuchagua kitu ukakikalia kunakupa vitu ambavyo mwenye mguu mmoja nje havipati. DHIS2 walichagua taratibu, kwa kufundishwa na kazi, na wakawa na ujasiri wa kulitamka.

Swali lililoamua lote halikutoka kwa mtu wa kompyuta. Nilikuwa nimewaonyesha viongozi kurasa za majaribio, mama mdogo ameridhika, mwenyekiti anauliza kama rangi ya kijani inaweza kukolea. Mwalimu, yule katibu, alikuwa kimya.

"Shikamoo mwalimu, naona hujasema," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kazi nzuri. Sasa na wewe ukiondoka?"

Nikaanza kumweleza habari za bakapu, kwamba kila usiku nakala inatoka na kuhifadhiwa mahali pengine. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hakuuliza kuhusu nakala, ameuliza kuhusu mtu. Mama mdogo akamuunga mkono kwa namna yake: "Wewe ni wetu, lakini ukipata kazi Nairobi kesho tutakupigia simu ya nini?"

Niliporudi mjini niliipanga upya orodha yangu ya vigezo. Kasi ikashuka. Upya ukatoka kabisa. Juu ikakaa: ni nani, kati ya Kilosa na Morogoro, anaweza kuufungua msimbo huu nisipokuwepo akaelewa ndani ya siku chache? Mji wetu una Chuo Kikuu cha Sokoine, Mzumbe nacho hakiko mbali, na vijana wa vyuo hivyo ninaokutana nao wengi wanajua Python, si kwa sababu ya mifumo ya wavuti bali kwa ajili ya takwimu za utafiti wao. Basi nikachukua Django na PostgreSQL. Majina ya majedwali na safu nikayaandika kwa Kiswahili cha daftari, hisa ikaitwa hisa na rejesho likaitwa rejesho, ingawa kuna rafiki yangu aliyeniambia huo ni ushamba. Kila badiliko la muundo limo kwenye faili lake lenye tarehe na sentensi moja ya kueleza kwa nini. Hakuna ujanja wowote ndani yake. Fundi hodari akiusoma atapiga miayo.

Simaanishi Django ni bora. Kama vijana wa karibu na Kidete wangekuwa watu wa PHP, ningechukua Laravel bila kusita, na mambo yangekwenda vilevile. Jambo ni nani atakayeutunza, na hapo narudi kwa wale wahandisi wa reli ya bondeni: hawakuwa wajinga. Hesabu zao zilikuwa sahihi kwa swali walilojiuliza, la kuifikisha reli Kigoma. Swali la nani atakayeshika sururu kila masika halikuwa kwenye karatasi yao. Genge la babu halikuwepo bado, na lilipokuwepo halikuwa la watu waliokuwa wakialikwa kwenye vikao.

Nadhani ndivyo maisha ya wengi wetu yalivyo. Wachache huchagua njia, na wengi zaidi huitunza. Mama mdogo hakuchagua kuolewa karibu na mto, hakuchagua mtaji wa kikundi uwe mdogo, na wala hakuchagua kwamba ndugu zake wahame. Anaweka hazina. Mwalimu amefundisha miaka mingi mitaala iliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kuingia darasa la watoto zaidi ya mia. Nikiwa na nafasi ndogo ya kuwa upande wa wachaguzi, hata kama ni kwa jambo dogo kama hifadhidata ya kikundi, niliona ni haki nichague nikiwa nimekaa upande wa wale watakaobaki na sururu.

Daftari halijafungwa. Mwalimu bado anaandika kwa kalamu siku ya kikao, kisha anaingiza kwenye mfumo mtandao ukiwa mzuri, kwa kawaida asubuhi mapema. Vikitofautiana, kikao kilikubaliana kwamba daftari ndilo linalosimama. Nilitaka kubishana juu ya hilo, nikaona hakuna haja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023 nimewaeleza pia kwamba madeni ya watu si ya kuonyeshwa kila mwenye simu, na hapo walinishangaa: kwao hilo lilikuwa kanuni tangu siku ya kwanza, ndiyo maana sanduku lina makufuli.

Kwa hiyo wewe kijana unayejenga mfumo kwa ajili ya kikundi cha nyumbani, shule ya kata, au chama cha wakulima: tumia freimuweki uijuayo, mradi kuna mwingine jirani anayeijua pia. Ila kabla hujamkabidhi katibu neno la siri, mpe faili moja lenye data yote, analoweza kulifungua kwa Excel kwenye kompyuta ya mtu yeyote, na mfundishe kulitoa mwenyewe kila mwisho wa mwezi bila kukupigia simu.